Mchagua bledi ndiye fundi: msumeno wa umeme na mbao zetu za Pwani

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Mafundi wengi wa Pwani waipenda methali hii. Muulize mmoja kwa nini anakata plaiwudi ya kabati kwa bledi ile ile aliyopasulia mbao za paa, naye atakutolea hiyo, atabasamu, aendelee na kazi. Kwa jembe sina ubishi. Kwa msumeno wa umeme, ule wa duara, naipinga. Hapa mchagua bledi ndiye fundi, na asiyechagua hulipa: mara kwa mbao, mara kwa mashine, na siku mbaya kwa vidole.

Mimi ni seremala, na swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotaka kununua msumeno wao wa kwanza ni hili: "Fundi, nichukue mashine gani?" Wachache huuliza watie bledi gani. Ilhali mashine kazi yake ni kuzungusha tu. Kinachokata ni bledi. Mashine ya bei ghali yenye bledi isiyofaa itaichana plaiwudi yako vibaya kuliko mashine ya kawaida yenye bledi sawasawa. Na duka jingi la vifaa litakuuzia bledi yoyote iliyopo, kwa maneno "hizi zote ni moja". Si moja. Nitaeleza kwa nini, ili fundi ajue la kununua, na mwenye nyumba ajue la kuuliza.

Soma kwanza yaliyoandikwa

Kila bledi ya maana ina maandishi kwenye bati lake. Mambo manne ndiyo ya kuangalia.

La kwanza ni upana wa duara. Misumeno ya mkono iliyozoeleka hutumia bledi ya inchi saba na robo, yaani milimita 184 au 185. Iko pia ya inchi tisa na robo, milimita 235. Msumeno wa meza mara nyingi ni inchi kumi, milimita 254, na ule wa kukatia pembe huwa wa inchi kumi au kumi na mbili. Usitie bledi kubwa kuliko mashine inavyotaka hata kama inaonekana kuingia. Itagusa kinga, ama itakulazimu uiondoe kinga, na hapo umeshaanza safari ya hospitali.

La pili ni tundu la katikati. Matundu hutofautiana: milimita 15.88, milimita 20, milimita 25.4, milimita 30. Bledi yenye tundu kubwa kuliko mhimili wa mashine haikai katikati; hucheza, hutetemeka, hukata upana wa ajabu na mwisho hulegea. Ziko pete za chuma za kupunguzia tundu, na pete inayokaa barabara haina ubaya. Kipande cha mpira au bati lililokunjwa si pete.

La tatu ni idadi ya meno. Nitalirudia hapa chini, maana ndilo lenye maneno mengi.

La nne, ambalo karibu hakuna alisomaye, ni mzunguko wa mwisho. Utaona namba ikifuatiwa na herufi RPM, yaani mizunguko kwa dakika. Namba hiyo lazima iwe sawa na ya mashine au kubwa kuliko ya mashine. Msumeno wa mkono wa kawaida huzunguka kama mara 5,000 kwa dakika. Kwa bledi ya milimita 185, ncha ya jino inakwenda mita 48 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Hakuna matatu ya Malindi inayokimbia hivyo, na hapo mashine iko mkononi mwako.

Tazama pia mshale. Bledi ina upande wa kuzungukia, na mshale wake ufuate mshale wa mashine. Msumeno wa methali hukata mbele na nyuma. Huu wa duara hukata upande mmoja tu. Ukiutia kinyume utachoma mbao badala ya kuikata.

Meno machache, meno mengi

Mbao ni fungu la nyuzi. Ukipasua ubao kwa urefu wake, unakwenda sambamba na nyuzi, na msumeno unatoa vipande virefu na vingi. Ukiukata kwa kukingama, unazikata nyuzi zenyewe, moja baada ya nyingine. Hizi ni kazi mbili tofauti, na ndizo zinazoamua meno.

Kwa kupasua, tafuta meno machache: 24 kwa bledi ya inchi saba na robo, na 24 hadi 30 kwa ya inchi kumi. Kati ya jino na jino pana nafasi kubwa ya kubeba unga wa mbao na kuutoa nje. Meno yake huinama mbele, digrii kama 20, hivyo huvuta mbao na kazi huenda upesi. Mkato wake si laini, lakini mbao za kupasua aghalabu zitapigwa randa baadaye.

Kwa kukingamisha, tafuta meno mengi: 60 kwa bledi ndogo, 60 hadi 80 kwa ya inchi kumi au zaidi. Kila jino hutoa kidogo, na ncha zake huchongwa kwa mshazari, moja kulia, la pili kushoto, kama visu viwili vinavyopishana. Hivyo nyuzi hukatwa badala ya kung'olewa.

Katikati pana bledi ya meno 40, ile ya kazi zote. Hupasua polepole kiasi, hukingamisha kwa usafi kiasi. Ni bledi ya fundi wa kuzunguka majumbani, asiyeweza kubadilisha kila dakika.

Ukipasua mvule wa inchi mbili kwa bledi ya meno 80, unga hauna pa kwenda. Bledi hupata moto, hupinda, mbao huungua nyeusi kando ya mkato, na mota hulia. Mwenye mashine atasema mashine ni mbovu. Mashine haina kosa. Ukikata plaiwudi kwa meno 24 nayo, ngozi ya juu inabanduka mabaka mabaka.

Liko pia jambo la unene wa mkato. Bledi nene hula milimita 3.2 kila inapopita. Nyembamba hula kama milimita 1.8. Kwa mkato mmoja ni kitu kidogo. Lakini tuseme unatoa vipande kumi katika ubao mmoja wa mbambakofi: ni mikato tisa. Bledi nene itakula karibu milimita 29, nyembamba 16. Tofauti yake ni nusu inchi ya mbao iliyokwenda na upepo, na mbambakofi wajua wenyewe bei yake. Bledi nyembamba pia huipunguzia mota mzigo. Ubaya wake ni kwamba huyumba upesi ukiilazimisha, hivyo mkono uwe mpole.

Mbao zetu zina tabia zao

Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa mbao za Ulaya na Marekani. Sisi tuna zetu.

Mvule una jiwe ndani. Si fumbo: mti huu hutengeneza vidonge vya chokaa ngumu ndani ya mbao, na jiwe moja latosha kuvunja ncha za meno. Tazama ubao kabla ya kuukata. Mahali mbao ilipokuwa nyeusi kuliko pengine, hasa karibu na jeraha la mti, shuku jiwe. Gonga, chokoa kwa patasi, au kata pembeni yake. Na unga wa mvule huwasha ngozi na kubana kifua cha baadhi ya watu, kwa hiyo funika pua.

Mnazi nao una mambo mawili katika gogo moja. Nje ni mgumu na mzito, katikati ni laini. Mbao yake ina chembe za silika, kitu kile kile kilicho kwenye mchanga, na hizo humaliza makali upesi sana. Bledi ya chuma kitupu haifai hapa. Tumia yenye ncha za kabaidi, yaani vile vipande vigumu vya rangi ya kijivu vilivyounganishwa kwenye kila jino. Msaji nao una silika, hivyo nasaha ni ile ile.

Mbambakofi na mvinje mkavu ni migumu. Meno makali, mwendo wa polepole, na usisukume kwa kifua. Ukisikia sauti ya mashine inashuka, punguza mwendo. Saipresi na paini zinazoteremka kutoka bara ni laini lakini zina mafundo na utomvu. Utomvu hugandia kwenye meno, na bledi chafu hufanana na bledi butu. Kama mbao bado ni mbichi, mkato hujifunga na kuibana bledi. Tia kabari ndogo kwenye mkato nyuma ya msumeno ili usijibane.

Halafu ziko mbao kuukuu za majahazi, ambazo siku hizi hugeuzwa meza na vitanda vya hoteli. Hizo ni nzuri na ni za hatari. Misumari ya zamani imekatika humo, kutu imeificha, na rangi na lami zimefunika juu. Pitisha sumaku yenye nguvu kwanza, ng'oa unachokiona, na utumie bledi isiyokuuma moyo ikiharibika, ya meno machache yenye kabaidi nene. Bledi yako nzuri ya meno 60 iweke mbali. Ncha ya kabaidi ikigonga msumari hukatika na kuruka, na miwani ya kazi ndiyo iliyo kati yake na jicho lako.

Plaiwudi, blokbodi na MDF

Hizi ndizo zinazoleta ugomvi wa fundi na mwenye kabati. Plaiwudi ina ngozi nyembamba juu na chini, na ngozi hiyo huchanika pale jino linapotokea. Kwa msumeno wa mkono, meno hupanda kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo uso mzuri uulaze chini. Kwa msumeno wa meza ni kinyume: meno hushuka, uso mzuri uwe juu. Bledi iwe ya meno 60 au zaidi. Bandika gundi ya karatasi kwenye mstari wa mkato, na bledi itokeze chini ya ubao milimita sita hivi tu. Ukiyafanya haya manne, kingo zako hazitahitaji kufichwa kwa kibandiko.

Kwa MDF na mbao zenye ngozi ya melamini, bledi bora ni ile yenye meno ya zamu: moja limekatwa pembe zake na kuinuka kidogo, la pili ni bapa. La kwanza hufungua njia, la pili husafisha. Gundi iliyo ndani ya MDF hula makali, hivyo kabaidi ni lazima. Na vumbi lake si la kuchezea. Ni laini kuliko la mbao, na gundi yake mara nyingi ina formaldehidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao na formaldehidi pia katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha pua kilichofungwa kama cha harusi hakizuii vumbi hilo. Nunua barakoa ya vumbi, ukatie nje au mlangoni upepo unapopita.

Alumini, mabati, vigae na mawe

Alumini hukatika kwa msumeno wa duara, ila kwa bledi yake. Iwe na meno mengi ya zamu ya kabaidi, na yainame nyuma kidogo badala ya mbele. Meno yaliyoinama mbele, kama ya mbao, hunyakua alumini na kuirusha. Bana kipande kwa jiliwa pande zote mbili, pakaza nta kidogo kwenye meno, na usikate ukiwa kifua wazi. Vijipande vyake huruka vikiwa vya moto.

Mabati ya paa nayo huwa naona yanakatwa kwa diski ya grainda, cheche zikimwagika juu ya bati jipya. Cheche zile ni chuma cha moto. Hutoboa rangi na zinki, hukaa pale, na kwa chumvi ya hewa yetu kutu huanza hapo hapo. Mwenye nyumba aliyelipa bati la rangi huona madoa mekundu kabla ya rangi kupauka. Kata kwa mkasi wa bati, au kwa kifaa cha kung'atia bati. Huchukua muda zaidi, lakini paa litakaa.

Vigae na mawe hayataki jino hata moja. Yanataka bledi ya almasi, ambayo kwa kweli haikati bali husaga kwa chembe za almasi zilizo kwenye ukingo. Kwa vigae, ukingo uwe mzima usio na mapengo, na tumia mashine ya vigae yenye beseni la maji. Usimwagie maji grainda ya kawaida. Umeme na maji havijapata kuwa marafiki. Kwa zege, tofali la saruji na jiwe la matumbawe, ukingo wenye mapengo hupoza na kutoa vumbi. Vumbi la zege lina silika, nalo huharibu mapafu pole pole bila kukuambia.

Grainda si msumeno

Hili ndilo lililonifanya niandike. Katika karakana nyingi na kwenye viti vya ujenzi, utamwona kijana ametia bledi ya meno ya mbao kwenye grainda, ameondoa kinga ili iingie, anapasua ubao. Ataka kuokoa pesa ya mashine ya pili. Nimeona mikono iliyotoka katika kazi hiyo, na sitaki kuona mingine.

Hesabu yenyewe inatisha. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, zaidi ya maradufu ya msumeno. Tia bledi ya milimita 185 kwenye mwendo huo, na ncha ya jino inapita kilomita 380 kwa saa. Bledi hiyo haikutengenezwa kwa mwendo huo. Soma RPM yake utaona. Grainda haina bati la chini la kulaza juu ya mbao, kwa hiyo hakuna kinachoshikilia kina wala mstari. Haina kinga ya kujifunga yenyewe unapoinua. Nyingi zina swichi ya kukaa, hata ikikuponyoka inaendelea kuzunguka. Jino likinyakua fundo, mashine yote hupiga teke kumrudia aliyeishika, na ikirudi hutafuta paja, tumbo au shingo. Hakuna nguvu ya mkono inayoshinda teke hilo.

Diski nyembamba za kukatia chuma nazo zina tarehe ya mwisho, imechapwa kwenye pete ya katikati. Gundi yake huchoka, na unyevu wa Pwani huichosha mapema. Diski iliyolowa, iliyoanguka au iliyopitwa na tarehe, itupe. Diski ya shilingi chache isikupotezee jicho.

Mwenye karakana asidhani hili ni la kijana peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri afunike sehemu za hatari za mashine, na sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka huo huo inamtwika mzigo wa mfanyakazi anayeumia kazini. Mwanagenzi aliyeletwa kwako na mamake ajifunze kazi ni amana. Kumwambia "angalia vidole" huku umempa grainda isiyo na kinga si kumfundisha.

Kuitunza, na ya kununua kwanza

Bledi nyingi hutupwa zikiwa chafu tu. Zitoe, zilaze kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kwa nusu saa, zisugue kwa mswaki wa zamani, zikaushe sawasawa na uzipake mafuta kidogo. Chumvi ya hewa haingojei. Bledi iliyoachwa karakana bila mafuta hupata kutu haraka. Ikiwa safi na bado inaunguza mbao au inataka kusukumwa, imekuwa butu. Za kabaidi hazinolewi kwa tupa. Hunolewa kwa gurudumu la almasi, na zafaa kupelekwa kwa mwenye mashine hiyo. Bledi yenye ufa kwenye bati, iliyopinda, au iliyopoteza meno haitengenezwi. Ivunje, isije ikaokotwa. Na kila unapobadilisha bledi, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

Kijana anayeanza na pesa kidogo, nunua bledi mbili nzuri za kabaidi badala ya tano za ovyo: moja ya meno 24 ya kupasulia, moja ya meno 60 ya plaiwudi na kukingamisha. Zitafanya karibu kazi yote ya mbao unayopewa mtaani. Ya alumini na ya almasi zitafuata kazi zake zikija, na bei yake itie kwenye hesabu ya mteja.

Nawe mwenye nyumba, unapopatana na fundi bei ya makabati, muulize atakata kwa bledi ya meno mangapi. Si kumdharau. Fundi anayejua atafurahi kuulizwa, na atakuonyesha. Asiyejua atakwenda kuuliza, na pengine usiku huo ataitoa ile bledi ya meno kwenye grainda yake.